Karatasi Nyeupe ya Bibi Siok-kheng

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikifika mji wa Chui-khe kila mwezi wa pili wa kalenda yetu ya mwezi, jiwe langu la kunolea nimelifunga nyuma ya baiskeli. Siku ya kuzaliwa kwa Babu wa Ardhi, mungu anayeulinda mji, haiendi bila visu. Kuku wanachinjwa, nguruwe wanapasuliwa, na kila mama mwenye nyumba anagundua siku hiyo hiyo kwamba kisu chake hakikati hata mchicha. Basi mimi hukaa pembeni ya uwanja wa hekalu, hatua chache kutoka kibanda cha Bibi Tan Siok-kheng, muuza tofu, ile soya inayogandishwa kama jibini. Nanoa, nakunywa maziwa yake ya soya, natazama mchezo wa kuigiza unaochezwa kumfurahisha Babu. Huyo bibi ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake.

Ukimwona huwezi kumdhania kitu. Mfupi, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto, aproni ya plastiki kuanzia kifuani mpaka miguuni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea kupita mlio wa jiwe la kusagia. Mumewe alifariki mapema akamwachia jiwe hilo na watoto wawili, ambao sasa wako viwandani Kaohsiung na huja mwaka mpya tu. Shule alisoma miaka minne. Maandishi mengine aliyachuma ukutani mwa hekalu, kwenye zile karatasi nyekundu za majina ya waliochangia sherehe. Alikuwa akisimama pale na kikapu chake cha tofu akiuliza kila anayepita, hili linasomwaje, na hili je, hata watu wakawa wanazunguka nyuma ya hekalu kumkwepa.

Uhakiki wake ulianza na saa ya mkononi. Mwaka huo, mimi bado sijaanza kufika, kundi moja lilicheza kisa cha mfalme wa zamani sana, na yule mfalme alipoinua mkono kutoa hukumu, saa ikameta. Asubuhi yake Siok-kheng alichukua kipande cha karatasi nyekundu iliyobaki mwaka mpya, akaandika: "Jana mfalme wa miaka elfu iliyopita alitazama saa. Ilikuwa saa kumi na nusu." Akaibandika kwa uji wa mchele kwenye nguzo ya kibanda chake.

Sasa, waigizaji hulala chini ya jukwaa siku zote za sherehe, na asubuhi hawana pengine pa kunywa kitu cha moto ila kwake. Yule mfalme akaja na taulo shingoni, akasoma, akavua saa pale pale, akaiweka mfukoni. Halafu akaomba bakuli la pili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya mchezo, kuna karatasi nyekundu kwenye nguzo. Watu wa Chui-khe huwezi kuwaambia mchezo ulikuwa mzuri au mbaya kabla hawajapita kwa muuza tofu. Wapo wanaolala usingizi mchezo mzima na asubuhi wanabishana kwa maneno yake.

Alikuwa na taratibu zake. Ule mchezo mfupi wa baraka unaofungua siku, waigizaji wanapovaa kama miungu na kumtakia Babu heri, hakuugusa kamwe, kwa sababu ile ni zawadi, na zawadi ya mtu mwingine haipimwi. Hakuandika juu ya nguo zilizochakaa. Na hakuandika kitu ambacho hangeweza kumwambia mhusika huku anammiminia maziwa. Kigoda chake alikiweka upande wa kushoto wa ile njia ya katikati tunayomwachia Babu aone jukwaa bila vichwa vya watu. Mchezo ukiisha anakibeba kwapani, anarudi nyumbani bila kuongea na mtu. Ukimsalimia wakati huo anakutazama kama mtu anayebeba bakuli lililojaa pomoni.

Mwaka ninaotaka kusimulia, kundi lililokuja lilikuwa la Ua Jipya. Kwa jina ni jipya, lakini wanakuja tangu enzi za mume wa Siok-kheng. Nyota wao ni Pek-un, mwanamke anayecheza jenerali kijana. Kwetu jenerali kijana huchezwa na mwanamke, na akiwa mzuri, akina mama huota ndoto ambazo hawawasimulii waume zao. Pek-un alikuwa mzuri. Miaka thelathini na moja kavaa deraya ile ile na buti za soli nene. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane.

Asubuhi ya kwanza baada ya mchezo wa kwanza alikuja kibandani peke yake, mapema kabla ya wenzake. Mimi nilikuwa nimeketi na bakuli langu. Hakutazama nguzo. Alikaa, akashika bakuli kwa mikono miwili, akamwambia Siok-kheng kwamba wenzake kwenye kundi wote wanakula kwa mkono wake, kwa hiyo hawawezi kumwambia kitu. Kioo nacho amekizoea mno. Siu-bi, yule mwenzake mdogo anayecheza luteni, anajua nafasi yote ya jenerali na anaingoja kwa adabu, na adabu yenyewe inamchosha.

"Dada Kheng," akasema, "nitazame tena leo. Kesho asubuhi andika kama bado mimi ni jenerali. Ukiandika ndiyo, nitavaa buti mpaka nianguke. Ukiandika hapana, nazivua kesho hiyo hiyo."

"Mbona unanitwisha mimi? Mimi muuza tofu."

"Ndiyo maana. Tofu yako ikichacha unaimwaga, huisemi vizuri."

 Siok-kheng alimwongezea sukari bila kuombwa, na mimi niliyekuwa nimeomba sikupata.

Mchana wa siku ile ya pili likatokea jambo dogo. Mama mmoja wa kundi, anayecheza nafasi za kina mama, aliamka na jino limevimba, shavu limekuwa kama andazi. Mchezo wa mchana ukakosa mama. Haya makundi hayana kitabu: mzee mmoja anawakusanya nyuma ya jukwaa, anawaeleza kisa kwa dakika kumi, nani anaingia, nani anakufa, na maneno kila mtu anayatafuta mwenyewe mbele ya watu. Basi Pek-un, ambaye mchana hupumzika akingoja mchezo wa jioni, akavaa wigi la mvi na gauni la viraka akaingia yeye.

Kisa kilikuwa cha mama maskini anayetembea mwezi mzima kumfuata mwanawe aliyekuwa ofisa mkubwa mjini. Anafika getini, mwana anatoka kwenye machela, hamtambui, mlinzi anamsukuma mama. Tumeiona mara mia. Kawaida hapo mama analia na zeze linalia naye. Pek-un hakulia. Alijipangusa vumbi, akamtazama yule kijana kuanzia kofia mpaka viatu, akasema polepole, kama anaongea na mtu wa jikoni kwake:

"Sikuja kukudai kitu. Nimekuja kuona kama umenenepa."

Mpiga zeze alisahau kupiga. Muuza peremende za karanga, Bibi Lo, anayepitapita katikati ya watu akipaza sauti hata mtu akifa jukwaani, alisimama na sinia kichwani akanyamaza. Mimi nilikuwa na kisu cha mtu mkononi. Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba nilikinoa upande mmoja tu.

Jioni Pek-un akarudi kuwa jenerali. Sauti ilikuwa juu, upanga ulizunguka vizuri. Lakini ilipofika mahali pa kuruka kutoka ukutani, nao ukuta ni meza mbili, nilimwona anatafuta kiti kwa mguu, polepole, akashuka kama mtu anayeshuka kutoka kitandani. Watu walipiga makofi vile vile. Tunampenda. Nilimtazama Siok-kheng: alikuwa ametazama chini, anasugua goti lake mwenyewe.

Baada ya mchezo aliingia hekaluni. Nilimfuata, nikisingizia uvumba. Alichukua vile vibao viwili vyekundu vya kumuulizia Babu, vyenye umbo la mwezi mchanga, akapiga magoti. Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado ni mazima: alitaka kujua kama aandike au anyamaze. Akavirusha. Vyote viwili vikalala mgongo chini, bapa juu, jibu ambalo si ndiyo wala si hapana. Babu anacheka. Akarusha tena, Babu anacheka. Mara ya tatu, kicheko tena.

Mzee Liau, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, alikuwa anafagia majivu. Ni mtu anayependa mambo yake yaende sawa, na alikuwa anataka kundi la Ua Jipya lirudi mwakani bila kinyongo.

"Anacheka kwa sababu jibu unalo," akamwambia. "Mwandikie mwenzio maneno mawili matamu, kalale."

"Wewe Liau, nikikuuzia tofu iliyochacha na maneno mawili matamu, utakula?"

Mzee Liau akaendelea kufagia.

Alfajiri, wakati soya inachemka, ndipo anapoandika. Nilifika taa ikiwa bado inawaka, nikamkuta amezungukwa na mabonge ya karatasi nyekundu. Ameandika akararua, ameandika akararua. La kwanza aliona kali. La pili aliona uongo. La tatu lilimpendeza, kisha povu la soya likafurika likalilowesha lote. Akatafuta karatasi nyingine nyekundu kwenye debe, kwenye droo, chini ya picha ya marehemu mumewe; zimekwisha. Duka lilikuwa bado limefungwa. Pale karibu na mkono palikuwa na rundo la karatasi nyeupe za kufungia tofu kavu. Akavuta moja, akaandika bila kusimama, kwa wino mweusi, jina la Pek-un kubwa juu kama kawaida yake. Akaipaka uji, akaibandika kwenye nguzo, akarudi mbio kwenye sufuria, maana soya haimngoji mtu.

Niseme kwa kujitetea kwamba mimi nilikuwa nimegeuka, napanga visu. Ningeona, ningemwambia. Au pengine nisingemwambia, maana nilipogeuka na kuiona, mimi mwenyewe nilivua kofia.

Hapa kwetu hakuna asiyejua. Karatasi nyekundu ni sherehe, ni shukrani, ni habari za muuza tofu. Karatasi nyeupe, maandishi meusi, jina la mtu juu na hesabu ya miaka chini yake, huwa inabandikwa mlangoni kwa sababu moja tu: nyumba ina msiba. Mimi nasoma kwa kidole. Nilifika kwenye "Pek-un" na "miaka thelathini na moja", kidole kikakataa kuendelea. Nikawaza, jana usiku ameshuka kutoka ukutani kwa shida. Nikawaza moyo. Nikaketi.

Bibi Lo alikuja na sinia lake, akaona kwa mbali, akaliweka sinia chini. Mke wa mchinja nguruwe akaja, akamshika Bibi Lo mkono. Baada ya muda kidogo tulikuwa watu kumi na kitu tumesimama mbele ya kibanda, hakuna anayekaribia nguzo, kwa sababu kukaribia sana karatasi ya namna ile kabla ya kufukiza uvumba si vizuri. Mzee Liau akaletwa. Akatazama, akavua kofia, akaagiza taa nyekundu za langoni zifunikwe. Hakuna aliyesoma mstari wa nne. Siok-kheng alikuwa ndani kabisa kwenye mvuke anakamua soya, hasikii kitu kwa mlio wa jiwe.

Watu wakaanza kumsema marehemu, kama tunavyofanya. Mke wa mchinja nguruwe alisema jana alirudi nyumbani akampigia simu mama yake, na hawakuwa wamesemezana tangu mavuno. Mzee Liau alisema hata yeye, na si mtu wa machozi, neno lile la kunenepa lilimkaa kooni wakati wa chakula. Mtu mwingine akasema aliondoka ameshiba, hakuhitaji kula. Wakaongea hivyo kwa zamu, na mimi nikachangia habari ya kile kisu.

Nyuma yetu mtu akauliza, kwa sauti ya usingizi, nani amefariki.

Bibi Lo hakugeuka. Alikuwa anajifuta kwa aproni.

"Pek-un," akasema. "Yule mama wa jana."

 Kisha yule aliyeuliza akasema, "Pole," na ile sauti tukaijua sote kwa pamoja. Alikuwa amesimama pale na taulo shingoni, mswaki mkononi, povu la dawa mdomoni. Bibi Lo aliketi juu ya peremende zake mwenyewe. Mzee Liau akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Mnasimamaje hivyo kama mmeona mzimu," Pek-un akasema. "Mmenizika kabla sijanywa chai?"

Ndipo Siok-kheng akatoka na ndoo, akaona umati, akaona nguzo, akaona karatasi yake jinsi ilivyo. Ndoo aliitua chini taratibu. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote na ya ziada. Alitaka kwenda kuibandua, lakini Pek-un alimtangulia. Alitema povu kando, akasimama mbele ya nguzo na kusoma kwa sauti ya jukwaani, ile inayofika mpaka safu ya mwisho:

"Pek-un, jenerali, miaka thelathini na moja. Sauti ni ile ile. Mkono wa upanga ni ule ule. Magoti si yale. Jana jioni jenerali alishuka ukutani kwa kiti, na sisi tulipiga makofi kwa sababu tunamjua, si kwa sababu tulimwona. Tofu ya jana si mbaya. Unaikaanga, unaitia chumvi, wengine wanaipenda kuliko mbichi. Lakini huwezi kuiita ya leo. Mama wa mchana: sina neno. Nilirudi nyumbani bila kigoda changu, ikabidi nirudi kukifuata. Miaka yote hii ya kuandika, kigoda sijakisahau hata siku moja."

Alipomaliza alikaa kwenye benchi. Siok-kheng alisimama mbele yake, mikono inadondosha maji, akaanza kueleza habari ya karatasi nyekundu zilivyokwisha na povu lilivyofurika.

"Acha karatasi," Pek-un akamkatiza. "Nataka kujua kitu kimoja. Hawa wamenililia hapa robo saa nzima. Nimesimama nyuma nikisikiliza. Mama, mama, mama. Kuna hata mmoja aliyemtaja jenerali?"

Tukatazamana.  Mzee Liau, mwanakamati mpaka mwisho, alisema kwamba zamu ya jenerali ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia.

Pek-un akacheka. Alicheka mpaka taulo likaanguka, na sisi ndipo tukapata ruhusa ya kucheka, hata Bibi Lo, ambaye karanga zilikuwa zimemganda nyuma ya sketi. Mzee Liau akaelekeza kidole upande wa hekalu akasema sasa ameelewa. Babu alikuwa ameshaiona hii karatasi tangu jana, ndiyo maana alicheka mara tatu. Siok-kheng akamwambia akafunue taa zake.

Kisha Pek-un akaomba bakuli la pili, na andazi refu la kuchovya, akanywa bila haraka.  Thelathini na moja ni miaka mingi. Siok-kheng alikaa karibu naye, jambo ambalo sijamwona akilifanya na mteja, mpaka bakuli likaisha.

"Ni kali," Pek-un akasema mwishowe.

"Najua."

"Ungeweza kusema tu nimechoka."

"Hujachoka. Ungekuwa umechoka ningenyamaza."

Jioni ya mwisho jenerali alikuwa Siu-bi. Buti za Pek-un zilimzidi, wakamjazia vitambaa puani mwa buti, na Pek-un mwenyewe alimfunga kamba, akizikaza mpaka mtoto wa watu akaguna. Mama wa jenerali, maana yule wa jino alikuwa bado ameshika shavu, alikuwa Pek-un. Siu-bi aliruka ukutani kweli kweli, juu sana, akaanguka kifudifudi. Uwanja mzima ukazuia pumzi. Kabla hajajua la kufanya, yule mama wa mvi, ambaye kwenye kisa hakuwa na kazi yoyote kwenye uwanja wa vita, akatoka pembeni ya jukwaa, akamwinua, akampangusa magoti, akamwambia hata alipokuwa na miaka miwili alikuwa anaanguka hivyo hivyo, na maadui wakangoja. Sijaona watu wakicheka na kupangusa macho kwa wakati mmoja namna ile.

Asubuhi duka lilikuwa wazi. Karatasi ilikuwa nyekundu, na ndogo: "Jenerali mpya ana magoti mazuri na hana haraka ya kuyatunza. Namngoja mwakani. Kuhusu mama yake, nimefunga kigoda kwa kamba mkononi."

Siku hizi Siok-kheng anaweka karatasi nyekundu mahali patatu, pamoja na chini ya mto wake. Ile nyeupe haipo tena kwenye nguzo. Wakati kundi linafungasha, Pek-un aliibandua polepole kwa maji ya moto isichanike, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku la nguo zake, chini ya wigi la mvi. Wenzake walimsihi aichome, kitu kama kile hakitunzwi. Siu-bi alikaribia kulia.

Pek-un alifunga sanduku, akalikalia ili kufuli liingie.

"Niichome kwa nini?" akasema. "Imeshaandikwa vizuri. Siku ikifika, ongezeni tarehe tu."